Kufuatilia Historia ya Magari Adimu ya Spoti ya Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa sana na watu waliorithi, walionunua au wanaotaka kununua gari la spoti la Uingereza la zamani: MG, Triumph, Austin-Healey, Jaguar, Lotus, AC, Aston Martin au Bentley. Kama umeshapata gari na muuzaji anakuharakisha ulipe, ruka moja kwa moja hadi swali la 4, la 6 na la 14.

## Mambo ya msingi

1. Kufuatilia historia ya gari ni kufanya nini hasa?

Ni kutafuta kama gari lililo mbele yako leo ndilo lile lililotoka kiwandani, na lilipita mikononi mwa nani hadi kukufikia. Wengi hudhani jibu lote limo kwenye karatasi. Lakini karatasi hufuata namba, namba imegongwa kwenye chuma, na chuma huoza, hukatwa, hung'olewa na kuchomelewa kwenye gari jingine. Kazi yako ni kuhakikisha karatasi, namba na chuma vimekaa pamoja muda wote. Pale vilipoachana, ujue viliachana lini na kwa nini.

2. Nianze na karatasi au na gari?

Anza na gari. Ukianza na faili zuri la muuzaji utaliangalia gari kwa macho ya faili hilo, na kila kovu utalipatia maelezo. Ingia chini ya gari kwanza, andika kila namba unayoiona na upige picha kila kibati kabla hakijasafishwa, halafu ndipo ufungue faili. Na mwambie fundi bodi asiguse msasa mpaka umemaliza. Ushahidi mwingi umepotea kwenye gereji kwa nia njema kabisa.

3. Ni namba zipi za kutafuta?

Nne ndizo kuu: ya chasisi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi. Jaguar za miaka ya 1950 na 1960 zina kibati chenye zote nne, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Triumph hutumia namba ya oda ya kiwandani, inayoanza na TS kwa TR2 na TR3, mahali pa namba ya chasisi. MG walikuwa na kawaida yao ya kupendeza: magari ya aina mpya mara nyingi yalianza kuhesabiwa kwenye 0251, kwa sababu namba ya simu ya kiwanda cha Abingdon ilikuwa 251.

4. Muuzaji anasema "namba zote zinalingana". Nimwamini?

Muulize zinalingana na nini. Kama anamaanisha kwamba namba ya injini inafanana na iliyo kwenye kibati, hiyo ni nusu ya habari, maana kibati kipya hupatikana kwa fedha kidogo na namba hugongwa na yeyote mwenye nyundo. Kulingana kwenye uzito ni kule kwa namba zilizo kwenye chuma na leja ya kiwanda. Leja haikai kwa muuzaji (tazama swali la 5).

Injini iliyobadilishwa si aibu. Magari haya yalikimbizwa, yakaharibika, yakawekewa injini nyingine ili safari iendelee. Gari lenye injini ya pili na risiti ya mwaka ilipofungwa linanipa amani kuliko lenye injini "halisi" ambayo namba zake zimekaa upande na chuma chake kimesagwa kikang'aa.

## Kumbukumbu za kiwanda

5. Leja za viwanda ziko wapi siku hizi?

Inategemea jina la gari. British Motor Industry Heritage Trust, iliyoko Gaydon, Warwickshire, hutunza kumbukumbu za majina mengi yaliyoishia chini ya British Leyland: Austin, Austin-Healey, Morris, Triumph na sehemu kubwa ya MG. Jaguar na Daimler wana Jaguar Daimler Heritage Trust. Kwa Aston Martin kuna Aston Martin Heritage Trust.

Taasisi hizi hukutolea cheti au nakala ya yaliyoandikwa: tarehe gari lilipotengenezwa, tarehe lilipoondoka kiwandani, namba ya injini, rangi ya nje na ya viti, vifaa vya ziada, na wakala au soko lilikopelekwa. Kwa kawaida utatakiwa kuonyesha kwamba gari ni lako au una ruhusa ya mwenyewe. Aston Martin huenda mbali kidogo, kwa kuwa karatasi zao za ujenzi mara nyingi zina pia jina la mnunuzi wa kwanza na kazi zilizofanywa gari liliporudishwa kiwandani kwa matengenezo.

6. Kwa hiyo nikiwa na cheti, gari langu ni halisi?

Hapana. Cheti kinasema kwamba gari lenye namba fulani lilitengenezwa siku fulani likiwa na rangi fulani. Hakisemi kwamba gari lililo kwenye banda lako ndilo hilo. Aliyekiandika hakuliona gari lako. Alifungua leja akanakili.

Lakini kuna mahali ambapo cheti kina nguvu kweli. Chukua Austin-Healey 100M. Kiwanda kilitengeneza 640, zenye kabureta kubwa zaidi, boneti yenye matundu na mkanda wa ngozi, na injini yenye mgandamizo mkubwa. Vifaa hivyo hivyo viliuzwa pia kama seti, kwa hiyo Healey 100 za kawaida zilivalishwa na mawakala wakati ule, na nyingine zinaendelea kuvalishwa mpaka leo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Leja inaweza, na tofauti ya bei ni kubwa.

7. Herufi zilizo mbele na nyuma ya namba zina maana gani?

Zina habari nyingi, na ni vigumu kuzighushi vizuri kwa sababu anayeghushi mara nyingi hazielewi. Kwenye Austin-Healey BN1, B ni kundi la ukubwa wa injini na N ni gari la viti viwili. BT7 ni ya viti vinne. BJ8 ni ile yenye hudi ya kukunjwa na vioo vya kupandisha. Aston Martin DB5 huishia na R au L kuonyesha upande wa usukani, na injini ya Vantage, ile yenye nguvu zaidi, ina V mwishoni mwa namba yake.

Triumph ndiyo inayonasa watu. TR5, yenye mfumo wa kupuliza petroli, ilitengenezwa 2,947 tu na namba zake zinaanza na CP. Dada yake wa soko la Marekani, TR250, ana kabureta na namba zake zinaanza na CD, na alitengenezwa 8,484. Baadhi ya TR250 zimerudishwa Uingereza, zikahamishiwa usukani kulia, zikafungwa mfumo wa petroli na beji ya TR5. Ni magari mazuri ya kuendesha. Bei yake tu ndiyo isiwe ya TR5.

8. Mbona Lotus yangu imesajiliwa muda mrefu baada ya kutoka kiwandani?

Huenda iliuzwa ikiwa vipande. Kabla ya kodi ya VAT kuanza Aprili 1973, gari lililokamilika Uingereza lilitozwa kodi ya ununuzi, na lile la kujiungia nyumbani liliikwepa. Lotus Seven, Elite na Elan nyingi ziliondoka hivyo. Mwenyewe aliliunga kwa wikendi moja au kwa miezi, kisha akalisajili. Pengo la namna hii ni la kawaida na lisikutie wasiwasi.

Elan ina jambo jingine. Chasisi yake ni uti wa chuma uliofungwa chini ya bodi ya faibaglasi. Chuma huoza, faibaglasi haiozi, ndiyo maana Elan nyingi zimebadilishwa chasisi. Hapo bodi ndiyo inayobeba historia, na chasisi mpya huhesabiwa kama spea.

## Namba za usajili na wamiliki

9. Namba ya usajili ya Uingereza inaweza kunieleza nini?

Hueleza mahali lilikosajiliwa na, kwa magari ya baadaye, mwaka. Kabla ya usajili kuhamia Swansea, kwenye DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, kila halmashauri ilikuwa na herufi zake: HP na RW ni Coventry, OJ ni Birmingham, MO ni Berkshire. Ndiyo maana Jaguar E-Type mbili zilizokimbizwa hadi maonyesho ya Geneva Machi 1961 zilikuwa 9600 HP na 77 RW, namba za mji wa kiwanda. Baadhi ya MG za timu ya Abingdon zilibeba MO, kwani Abingdon wakati ule ilikuwa Berkshire. Herufi ya mwaka mwishoni ilianza na A mwaka 1963.

Jihadhari na kitu kimoja: Uingereza namba huuzwa na kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Namba maarufu juu ya bampa si ushahidi mpaka uone karatasi ya zamani inayoifunga na namba ya chasisi.

10. Madaftari ya halmashauri bado yapo?

Mengine yapo. Usajili ulipoingizwa kwenye kompyuta za Swansea, halmashauri ziliachiwa kazi ya kuamua hatima ya madaftari. Baadhi ziliyapeleka kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti, baadhi ziliyatupa. Kithead Trust, iliyoko Droitwich, iliokoa mengi na inajua yaliyobaki yako wapi. Ukibahatika utapata mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono: namba, aina ya gari, rangi, jina la mmiliki wa kwanza na tarehe.

Magari ambayo wenyewe hawakuyahamishia Swansea hadi mwisho wa 1983 yalifutika kwenye kumbukumbu za serikali. Hayo ndiyo yanayokutwa kwenye mabanda bila usajili. Namba ya awali inaweza kurudishwa kupitia fomu V765, kwa kuonyesha waraka wa zamani unaoifunga namba na chasisi, pamoja na uthibitisho wa klabu inayotambuliwa na DVLA. Gari ambalo utambulisho wake hauthibitiki hupewa namba inayoanza na Q, na wanunuzi huikimbia.

11. Naweza kumtafuta mmiliki wa zamani?

Unaweza, kwa adabu. DVLA hupokea maombi ya taarifa kwa fomu V888 lakini huuliza sababu ya msingi, na udadisi peke yake huenda usitoshe. Njia yenye matunda ni ile ya zamani: logibuku, risiti za gereji, bima iliyosahaulika kwenye kisanduku cha dashibodi. Andika barua fupi, jieleze wewe ni nani, weka picha ya gari lilivyo sasa, na usiulize bei aliyouzia.

Wajane na watoto wa wamiliki mara nyingi ndio wenye albamu. Waombe nakala tu. Anayeombwa picha halisi ya marehemu mume wake hufunga mlango, na ana haki.

12. Gari lilikwenda Marekani mara lilipotengenezwa. Nitafanyaje?

Si wewe peke yako. Baada ya vita, chuma Uingereza kiligawiwa kwanza kwa viwanda vilivyouza nje, na magari ya spoti yalikuwa chambo kizuri cha dola. Ndiyo maana sehemu kubwa ya MGA, Healey na E-Type zilitengenezwa zikiwa na usukani kushoto.

Huko utakutana na mambo mawili. Kwanza, mwaka ulioandikwa kwenye hati ya Marekani mara nyingi ni mwaka gari lilipouzwa, na baadhi ya majimbo yaliandika namba ya injini mahali pa chasisi. Pili, tangu sheria ya faragha ya madereva ya 1994, ofisi za usajili hazitoi majina kirahisi. Kinachosaidia ni rejista za klabu, zinazofuatilia magari moja moja kwa namba ya chasisi.

13. Familia inasema gari lilinunuliwa jipya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Linathibitishwaje?

Anza na cheti cha kiwanda (swali la 5), kwani huonyesha soko lilikopelekwa. Kisha tafuta picha. Kwenye picha za zamani angalia beji ya duaradufu nyuma ya gari: EAK ni Kenya, EAU Uganda, EAT Tanganyika na EAZ Zanzibar. Programu na picha za mbio za Safari, zilizoanza 1953, nazo zinafaa, kwa sababu magari yalipigwa picha upande na namba ya usajili ikaonekana.

Usitupe kadi ya gari ya zamani hata kama imeliwa na mchwa. Na kama gari lilipelekwa Uingereza baadaye, namba liliyopewa huko ni ya kulingana na umri wake tu. Haina uhusiano na safari yake ya mwanzo.

## Kulisoma gari lenyewe

14. Namba ya chasisi ya E-Type iko wapi, na nitajuaje haijachezewa?

Fungua boneti, simama mbele ya gari. Kuna fremu ya mraba inayoshikilia sehemu ya mbele, na namba imegongwa juu yake upande wa kulia wa gari, karibu na pale shokapu inapofungwa. Sasa tazama jinsi fremu hiyo ilivyoshikiliwa: ni bolti. Ajali ya mbele ikitokea, fremu yote hutolewa na nyingine kufungwa, na namba huondoka nayo au hugongwa upya.

Kwa hiyo usiishie hapo. Tafuta kibati cha namba ya bodi, kisha namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na kurudiwa kwenye silinda hedi, ikiishia na -8 au -9 kuonyesha mgandamizo. Linganisha herufi: kina cha pigo, mstari, umbo la namba. Chuma kilichosagwa ili kufuta namba huwa kimebonyea kidogo. Pitisha kidole kabla ya kupitisha tochi. Ukiona rangi mpya nene mahali hapo tu, uliza kwa nini.

Magari ya mwanzo kabisa, takriban 500, yalikuwa na komeo za boneti upande wa nje, na sakafu ilikuwa bapa mpaka mwanzoni mwa 1962. Yote mawili hutengenezwa upya ili kulizeesha gari la baadaye.

15. Kuna ushahidi gani mwingine mdogo mdogo?

Huu ndio ninaoupenda, maana hakuna anayehangaika kuughushi wote. Vifaa vya umeme vya Lucas, kama dinamo, stata, distributa na mota ya waipa, viligongwa tarehe ya kutengenezwa. Gari la Juni 1961 lenye vifaa vya miezi michache kabla yake linajisema lenyewe. Likiwa na stata ya 1968, lilibadilishiwa stata, basi. Lakini likiwa na kila kitu cha 1964, hilo ni gari la 1964 lililovaa namba ya 1961. Kioo cha Triplex nacho kina nukta ndogo kwenye herufi za maandishi yake zinazoonyesha mwaka na sehemu ya mwaka.

Rangi ya kwanza hujificha chini ya zulia, nyuma ya paneli za milango na ndani ya buti. Healey 100 zilipimwa paneli moja moja kwa mkono, hivyo namba ya bodi iligongwa kwenye vipande vya boneti na buti. Na beba sumaku: Jaguar XK120 za mwanzo, takriban 240, zilikuwa na bodi ya alumini juu ya mbao. Sumaku ikinata kwenye madigadi ya gari linalouzwa kama mojawapo ya hizo, mazungumzo yabadilike.

16. Picha za mbio zinathibitisha nini?

Zinathibitisha namba ya usajili, umbo na siku. Hazionyeshi chasisi, na timu za viwanda zilibadilisha magari mara kwa mara. Austin-Healey yenye namba NOJ 393 ilijengwa 1953 kama gari maalumu la majaribio, ikaboreshwa hadi kiwango cha 100S, toleo la mbio, ikahusika katika ajali ya mbio za Le Mans, Ufaransa, ya 1955, na ikauzwa mnadani Desemba 2011 kwa pauni 843,000. Picha ya 1953 na ya 1955 zinaonyesha gari moja lenye sura mbili. Tafuta makovu: shimo la riveti, taa iliyokaa pembeni, kiraka. Mikwaruzo ya namna hiyo huwa ya gari moja tu.

## Kesi ngumu

17. Magari mawili yanadai namba moja. Inawezekanaje?

Kirahisi sana. Kwenye Jaguar D-Type, gari la mbio, za 1955 fremu ya mbele ilifungwa kwa bolti kwenye bodi; za 1954 ilichomelewa. Gari likianguka, fremu ilikwenda huku na bodi kule, na miaka thelathini baadaye kila kipande kimejengewa gari zima. Wote wawili wana chuma cha kweli. Suluhisho safi ni mmoja kununua sehemu ya mwenzake. La sivyo kila mnada utakuwa ugomvi, na mimi nisingenunua lolote kati ya hayo kabla wenyewe hawajakubaliana kwa maandishi.

AC Cobra ni tatizo la aina nyingine. Imeigwa kuliko gari lolote la spoti la Uingereza. Namba halisi huanza na CSX kwa zilizopelekwa kwa Shelby, Marekani, COB kwa soko la Uingereza na COX kwa nchi nyingine, na rejista yake ni ya kina. Usinunue bila kuuliza huko.

18. Gari likibadilishwa karibu kila kitu, bado ni lile lile?

Mahakama ya Uingereza ilishajibu. Bentley Speed Six iitwayo Old Number One ilishinda Le Mans 1929 na 1930. Ikaendelea kushindana na kubadilishwa. 1932 dereva Clive Dunfee alifariki akiiendesha kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, ikajengwa upya kama kupe. Mwaka 1990 kampuni ya Middlebridge ilikubali kuinunua kwa pauni milioni 10, kisha ikakataa ikidai si gari lile. Jaji Otton aliamua kwamba, ingawa vipande vya 1929 vilivyobaki ni vichache mno, gari halikuwahi kukoma kuwapo. Lilibadilika hatua kwa hatua, na hakuna jingine linaloweza kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa.

Kwa mtu wa kawaida somo ni la kikaratasi: tunza risiti ya kila kipande unachobadilisha, na ukihifadhi chenyewe pia, vizuri zaidi.

19. Historia ina pengo la miaka kumi na tano. Nilijaze vipi?

Usilijaze kwa kubuni. Andika "1969 hadi 1984: haijulikani" kisha endelea kutafuta. Magari haya yaliwahi kuwa mitumba ya bei poa, yakaachwa uani, na hakuna aliyetunza karatasi. Pengo lililotajwa halishushi bei kama hadithi iliyoanguka mbele ya wanunuzi.

20. Namba imeliwa na kutu. Nigonge upya?

Usiguse. Piga picha, mwite mtaalamu wa klabu aione, ulizia utaratibu kwa mamlaka ya usajili ya nchi yako. Kugonga namba mwenyewe kunaweza kuwa kosa la jinai, na kunaharibu ushahidi pekee uliokuwa nao.

21. Na yale yaliyotengenezwa upya na kiwanda chenyewe?

Jaguar ilipanga E-Type nyepesi 18, ikajenga 12, na kuanzia 2014 ikajenga 6 zilizobaki. XKSS (D-Type za barabarani) 9 zilizopotea katika moto wa Februari 1957 kwenye kiwanda chake cha Browns Lane nazo zikatangazwa upya 2016. Aston Martin iliwahi kutangulia: kwenye DB4 GT Zagato 19 za awali iliongeza 4 ziitwazo Sanction II. Ni kazi ya kiwanda, lakini si za miaka ya 1950 wala 1960. Kwenye tangazo tafuta mwaka wa kujengwa, si mwaka wa umbo. Ukikuta tangazo limeutaja wa umbo peke yake, muombe muuzaji barua ya kiwanda kabla ya kupanda ndege.